Ukisikia "Nakuja" Ujue Anaondoka: Mwongozo Kamili wa Maneno ya Kila Siku kwa Aliyehamia Tanga

Mwongozo huu nimewaandikia Watanzania wenzangu wanaohamia Tanga na Kiswahili chao mdomoni: mwalimu aliyepangiwa shule ya Pongwe, muuguzi aliyetoka Mwanza, fundi wa kuchomelea aliyefuata kazi za bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 linaloanzia Hoima kule Uganda na kuishia Chongoleani, hapa Tanga. Hao hawana haja ya kufundishwa lugha. Wanachokosa ni ufunguo. Watu wa hapa husema jambo moja wakakusudia jingine, wakaelewana vizuri kabisa, na mgeni akabaki peke yake kibarazani akimsubiri mtu aliyeondoka kwa kusema "nakuja".

Wapo wanaokasirika wakahitimisha kwamba watu wa Pwani ni waongo. Hukumu hiyo huniuma, kwa sababu si ya haki. Mwongo anataka uamini kisichokuwepo. Huyu wa kwetu anatarajia uelewe, na angeshangaa sana kusikia hukuelewa. Anakupa neno laini ili msiumizane, halafu anakuachia dalili za kutosha ujue ukweli uko wapi.

Dalili zenyewe ndizo nitakazozifuata hatua kwa hatua. Shika hii moja kabla ya zote: usilipime neno peke yake, tazama limefuatana na nini. Neno tupu ni adabu. Neno lililofuatana na saa, mahali, jina la mtu au kitendo cha mkono, hilo lina uzito.

Hatua ya kwanza: jifunze jibu kabla ya kutafuta maana

Salamu za Tanga ni ndefu. Habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, kazi zinakwendaje. Kila swali lina jibu lake: nzuri, salama, hawajambo, tunamshukuru Mungu. Aliyelala na njaa anajibu "nzuri". Mwenye kesi mahakamani anajibu "salama". Mgeni anayeulizwa habari za nyumbani akaanza papo hapo na ugomvi wake na mwenye nyumba anamtia mwenzake katika dhiki, maana hapo bado wanabisha hodi tu, hakuna aliyekaribishwa ndani.

Habari yenyewe huja baada ya "nzuri", na mara nyingi hupitia kwenye "ila" au kwenye "tu". "Nzuri, ila mama ndo hivyo." "Tupo tu." "Salama, twasukuma siku." Ukisikia hivyo, ujue salamu imekwisha na mtu amekufungulia. Simama. Kama uko juu ya baiskeli, shuka, na katika mji wa baiskeli kama huu kushuka ni lugha inayoeleweka na kila mtu. Uliza, "Mama ana nini?" Usipouliza, mwenzako atajua umesikia ukapita, na mara nyingine atakujibu "nzuri" akaishia hapo.

Kuna salamu zinazofanana na lawama. "Umepotea sana!" "Siku nyingi, umetutupa!" Huhitaji kujitetea wala kueleza ulikuwa wapi. Huyo anakwambia alikukumbuka, basi jibu, "Nipo, mambo mengi tu, za tangu siku ile?" Na ukiambiwa "umenenepa", pokea. Kwa wakubwa wa hapa, hasa akina mama, ni sifa: wanaona Tanga imekupokea na riziki ipo. Lenye wasiwasi ni "umekonda". Hilo ni swali, na anayeliuliza anataka kujua kama unaumwa au una jambo linalokula moyo.

Shikamoo haina mengi. Ukiamkiwa na mtu unayemdhani rika lako, itika "marahaba" yaishe. Kubishana kuhusu umri barabarani kunamwaibisha aliyekuheshimu.

Hatua ya pili: maneno ya ugonjwa yasikilize kuliko yote

Hapa ndipo kutoelewana kunapoweza kuleta madhara ya kweli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na "siwezi". Mwanafunzi anasimama nyuma ya darasa, mkono tumboni: "Mwalimu, siwezi." Mwalimu aliyekulia bara anasikia ukaidi, kwamba mtoto amekataa kwenda ubaoni. Kumbe mtoto anasema anaumwa. Katika Kiswahili cha Pwani, na zaidi kwa wazee wa vijiji vya Tongoni na Pangani, "siwezi" ni ugonjwa, "mama hawezi" ni mama anaumwa, na "hajiwezi" ni mgonjwa wa kitandani anayegeuzwa na watu. Ukisikia "hawezi" bila kitendo mbele yake, jibu lako la kwanza liwe "pole", kisha uulize anaumwa nini.

Neno la pili ni "kidogo". "Anaumwa kidogo" inaweza kuwa mafua, inaweza kuwa mtu aliyelazwa hospitali ya Bombo yuko kwenye oksijeni. Ukubwa wa ugonjwa haumo kwenye neno hilo, uko pembeni yake: nani amebaki na mgonjwa, kama ndugu wa mbali wameitwa, kama biashara imefungwa. Muuguzi asiulize "anaumwa sana au kidogo?", atapewa "kidogo". Aulize: amekula lini mara ya mwisho? Anakwenda msalani mwenyewe? Usiku alilala? Maswali ya vitendo hayana mahali pa kuweka adabu, majibu yake huja yalivyo.

Kuhusu mwili, watu hupita njia ya pembeni. Anayeharisha atasema "tumbo laniendesha". Mwanamke aliye kwenye hedhi atasema yuko kwenye siku zake. Mwenye mimba ni "mzito", na wapo watakaosema tu "hayuko peke yake". Mzee akilazimika kutaja jambo la siri mbele ya daktari kijana ataanza na "hashakum" au "kumradhi", na hiyo ni ishara kwako: linalofuata ndilo lililomleta, hata kama alianza kwa kusema kichwa kinamgonga. Usimkatishe, na tafadhali usicheke.

La tatu linakuja kwa simu. "Mama amezidiwa, njoo nyumbani." Neno hilo lina maana yake ya kawaida, mgonjwa amekuwa na hali mbaya. Lakini pia ndivyo watu wanavyomwita mtu aliye mbali wakati mgonjwa ameshafariki, kwa sababu hawataki apokee msiba akiwa peke yake kwenye chumba cha kupanga, au akiwa na usukani mkononi. Usimbane aliyekupigia akutajie. Fanya hivi: mwombe aliye karibu nawe aongee naye pembeni, usiendeshe chombo mwenyewe, chukua nguo za siku kadhaa, nenda. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayepiga simu hiyo, hakikisha kwanza kuna mtu mzima karibu na unayempigia, mwambie huyo ukweli wote, kisha ndipo useme "amezidiwa" kwa mwenye msiba. Wengi husahau nusu hiyo ya kwanza, na bila hiyo neno halimlindi mtu.

"Pole" yenyewe ina kazi nyingi na nyingi zake hazina huzuni. Pole na kazi, pole na safari, pole na jua. Anayekupa pole hajakukosea wala haombi msamaha, ameona umechoka. Jibu ni "ahsante" au "nimeshapoa". Msibani neno hilo linatosha peke yake. Shika mkono wa mfiwa, sema pole, kaa. Hutakiwi hotuba.

Hatua ya tatu: tenganisha "karibu" na karibu

Ukimkuta mtu anakula, atasema "karibu". Atakwambia hata kama sahani ina mkate wa mwisho wa ajemi na mchuzi wa kuloweka mara moja. Angeona haya kunyamaza. Kwa "karibu" ya namna hii jibu ni "ahsante, endelea" au "starehe", huku unapita au unaketi mbali kidogo. Hakuna aliyenyimwa, hakuna aliyekataa.

Karibu ya kweli ina mikono. Mtu anasogea kwenye mkeka kukupisha. Mtoto anatumwa sahani. Birika na bakuli la kunawia vinaletwa mbele yako. Maji ya kunawa yakifika, maneno yamekwisha: nawa. Kama kweli umeshiba, nawa hivyo hivyo, uonje tonge mbili tatu, useme umeshiba. Kukataa kabisa baada ya maji ya kunawa kunabaki moyoni mwa mwenye nyumba, hasa mama, na atakuwa anajiuliza kama umedharau chakula chake au una shaka nacho.

Mialiko ya siku zijazo ina kipimo hicho hicho. "Karibu nyumbani siku moja" ni wema wa maneno, nawe jibu "nitakuja, Inshallah". "Karibu Jumapili, mama Asha anapika wali wa nazi, utashukia Makorora nitakupokea" ni mwaliko, watu wameshapiga hesabu ya mchele. Usipotokea umewaudhi.

Kijiwe cha kahawa kina taratibu zake. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, wazee wako kwenye benchi, mmoja anakwambia "karibu kahawa". Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba analipa yeye, kwa kuwa kikombe ni kidogo na bei yake ni ndogo. Kaa, kunywa, chukua na kashata, na siku nyingine wahi kulipa kabla yake. Watu hujulikana mjini kwa vikombe hivyo.

Na mlangoni: "hodi" hurudiwa mara tatu, kwa kupumzika katikati. Ukiitikiwa "karibu" kwa sauti ya kutokea ndani, usivute pazia. Watu wanajisitiri, wanaokota vitu. Mara nyingi ile karibu inamaanisha "nimekusikia, subiri hapo", na dalili yake ni swali linalofuata: "Nani mwenzangu?" Ingia pale utakapoona uso. Ukimaliza hodi tatu kimya, ondoka, hata kama redio inaimba ndani.

Hatua ya nne: jifunze kuipata saa

"Nakuja" husemwa na mtu anayeinuka kwenda zake. Maana yake ni kwamba hajakuaga moja kwa moja, na bado mko pamoja ingawa mwili unaondoka. Anaweza kurudi baada ya dakika tano, anaweza kurudi jioni. Tazama ameacha nini. Kama simu inachaji palepale au ndala ziko mlangoni, yuko karibu. Kama amebeba kila kitu chake, endelea na shughuli zako.

"Niko njiani" maana yake ameshaamua kuja. Kama ameshatoka nyumbani, utajua kwa sauti za nyuma au kwa kumuuliza kitu kimoja: "Umepita wapi sasa?" Aliye njiani kweli atakutajia mahali bila kufikiri.

"Kesho" ndilo linalovunja watu moyo, na hasa kwa mafundi. Wiki ya mwisho ya Ramadhani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, keti kwenye benchi la fundi cherehani usikilize. Mama amekuja kuulizia gauni la binti yake. Fundi hainui macho kwenye sindano: "Tayari hilo, mama yangu, limebaki vifungo na pasi tu." Kitambaa kiko rafuni, kimekunjwa kama kilivyoletwa dukani, chaki haijakigusa. Mama anakiona. Fundi anajua mama amekiona. Hakuna anayepiga kelele. Mama anasema taratibu, "Haya. Basi kesho baada ya Alasiri namtuma mdogo wake na hela iliyobaki." Ndipo fundi anasimamisha cherehani. "Kesho usimtume. Keshokutwa, baada ya Isha, mtume mwenyewe binti aje alijaribu."

Sehemu ya kwanza ya mazungumzo yale ilikuwa ya kupoza, "limebaki vifungo" maana yake ni kwamba kazi yako naikumbuka na sijaikataa. Sehemu ya pili ndiyo kazi. Mama alifanya mambo mawili tu: alitaja saa, akataja hela. Fundi alipolazimika kuambatanisha neno lake na saa, alitoa ile anayoiweza. Fanya vivyo hivyo kwa fundi umeme, fundi bomba na muuza mchanga. Usiulize "itakuwa tayari lini?" Sema "naja na hela baada ya Alasiri," kisha umwache akusahihishe.

Nimetaja saa za swala kwa makusudi. Katika mji huu zina nguvu kuliko saa za ukutani. "Saa kumi" inavutika. "Baada ya Alasiri" inasikika kwenye vipaza sauti vya mtaa mzima, kila mtu anajua imepita au haijapita. Magharibi huingia jua likizama, na hapa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Hata Wakristo wa Tanga hupangana hivyo bila kuona tabu.

Halafu kuna "Inshallah", na hapa naomba uwe na heshima. Kwa muumini ni neno zito: amekuahidi akikiri kwamba kesho haimiliki yeye. Usilidhihaki wala usimwambie mtu "hapana, niambie kweli", umemtukana. Ni kweli pia kwamba wapo wanaolitumia kumaliza mazungumzo wasiyoyataka. Kipimo ni kile kile. "Inshallah saa mbili asubuhi nitakuwa kwako na ngazi" ni ahadi ya mtu mwaminifu. "Inshallah" iliyotoka peke yake, sauti ikishuka, macho yakitazama barabarani, hiyo usiipangie ratiba.

Hatua ya tano: itambue "hapana" isiyotamkwa

"Hapana" kavu, kwa mtu uliyemheshimu, husikika kama kofi. Kwa hiyo kukataa kuna maneno yake, nayo ni haya: "tutaangalia", "nitajitahidi", "nitakwambia", "ngoja nishauriane na mwenzangu", "sikatai, lakini...". Ukipata mojawapo, uliza mara moja tu tena baada ya muda. Jibu likirudi lile lile, umeshajibiwa. Ukisukuma mara ya tatu unamlazimisha mwenzako aseme kwa sauti alichokwishakukatalia kwa upole, na lawama itakuwa yako.

"Haya bwana" na "sawa tu" ni kinyume chake: mtu amekubali kwa mdomo na moyo haumo. "Sawa" ni sawa. Kile "tu" kilichoongezwa ndicho cha kushughulikia. Rudi nyuma, uliza kama kuna neno.

Na kuna "bado". Umeoa? Bado. Mna watoto? Bado. Hata mtu wa makamo aliyekwisha kukata tamaa atasema "bado" au "Mungu hajajaalia", kwa kuwa "hapana" hapo ingekuwa kufunga mlango ambao si wake kuufunga. Ukijibiwa "bado" usiulize kwa nini. Nawe ukiulizwa, hata kama umeamua maisha yako kwa namna nyingine, "bado" itakuokoa na maswali ya nusu saa.

Hatua ya sita: sokoni na stendi

Hapa si pagumu. "Hiyo bei ya mwisho" soko la Mgandini ni mwaliko wa kutaja yako, ila msemaji akianza kufunika bidhaa au kumhudumia mwingine, sasa ni ya mwisho kweli. "Chukua tu" haina maana ya bure. Anayekwambia "nifungulie biashara" asubuhi anakutaka uwe mteja wa kwanza, na kwa kawaida atashusha kidogo. Shusha nawe kwa kiasi, usimharibie siku.

Stendi ya Kange, kwa gari ndogo za kwenda Pangani au Muheza, "tunaondoka" na "imebaki siti moja" ni wito wa kuita abiria. Mtazame dereva. Akiwa ameketi kwenye usukani na konda ameshika mlango, panda.

Hatua ya saba: "chai" ya wema na ile nyingine

Ukienda kumwona mzazi, unampa "hela ya sabuni". Kijana aliyekubebea mzigo unampa "ya soda". Hakuna anayekagua kama ilinunua sabuni au soda. Ni njia ya kutoa bila kumfanya mtu aonekane anapokea malipo au msaada. Toa kwa mkono wa kulia, noti ikiwa imekunjwa, useme ni kidogo hata kama si kidogo.

Neno hilo hilo likitoka upande wa pili wa meza ya ofisi, mambo ni mengine. "Mbona hatunywi chai?" mbele ya faili lako ni kuomba rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabia kosa anayepokea na anayetoa. Njia salama ni kulipokea neno kwa maana yake ya nje. Tabasamu useme, "Nimeshakunywa nyumbani, ahsante. Naomba namba ya malipo nikalipe nipate risiti." Malipo ya serikali yana namba yake ya kumbukumbu, ile watu wanayoiita kontro namba, na mtu akishaombwa hiyo anajua umeelewa na umekataa. Akiendelea kukuzungusha, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Hatua ya nane: ndugu wasio ndugu, na utani

Mama atamwita mwanawe wa miaka mitatu "baba", binti yake "mama". Bibi atamwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na wa kike "mke mwenzangu", na mjukuu atajibu kwa kununa kwamba mume wao leo hajaleta hela ya samaki. Ni mapenzi, na ni haki ya babu, bibi na wajukuu. Ukiwa mgeni cheka pamoja nao, usiulize. Muuza samaki atakuita "mwanangu" au "kaka", nawe mwite "mjomba", "dada" au "mama" kwa umri wake. Jina tupu la mtu mzima halitajwi hovyo.

Utani wa makabila ni mkali zaidi. Mji huu umepokea wageni muda mrefu: mkonge ulipoletwa mwaka 1893, mashamba yalivuta vibarua, manamba, kutoka mbali sana, wakakaa pamoja na Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wasegeju na Wazigua. Mtani anaweza kufika kwenye maziko akadai jeneza limemkalia vibaya au akazuia watu mpaka apewe hela. Yanayosemwa pale yangekuwa matusi kinywani mwa mtu mwingine. Sharti lake ni moja: ni lazima uwe mtani kweli. Mgeni asijaribu mpaka mwenyeji amwambie, "wewe ni mtani wetu".

Utasikia pia "Tanga, waja leo waondoka leo". Ni msemo wa kuutambulisha mji, haumfukuzi mtu.

Hatua ya tisa: soma kanga kabla ya kulipa

Kanga ina pindo, mji, na jina, yaani maandishi. Watu huisoma. Mwanaume anayenunua doti kwa kupenda rangi tu anaweza kumpelekea mkwewe "Japo sipati tamaa sikati", akaeleweka kuwa analalamikia posa. Kunjua, soma, mwulize muuzaji inapelekwa kwa nani. Kwa mama na mkwe kuna majina ya dua na shukrani yasiyo na ncha.

Jirani akianika kanga yenye fumbo upande wa dirisha lako, au akivaa ile ile kila mkikutana bombani, huenda ni wewe unayeambiwa, huenda si wewe. Usijibu kwa kanga yako. Mtafute mama mmoja wa makamo mnayeheshimiana naye wote wawili, umwombe aulize. Kanga ilitumika ili jambo lisitamkwe, nawe ukilipandisha sauti uwanjani, walioliona fumbo wawili sasa watakuwa mtaa mzima.

Hatua ya kumi: mahali pa kuyaweka kando

Ukishayazoea utayapenda, na utaanza kuyatumia. Vizuri. Ila yapo mambo ambayo hayastahili neno laini. Dozi ya dawa: mweleze mgonjwa vidonge vingapi, saa ngapi, kisha mwambie akurudishie alivyosikia. Maana akikujibu "nimeelewa" huenda anakuheshimu tu. Umeme na bahari pia. Nahodha wa mashua akisema "leo bahari imechafuka kidogo", ile "kidogo" isome kama nilivyosema kwenye ugonjwa, uahirishe.

Na nyumba ya kupanga. Dalali atakwambia "usijali, mwenye nyumba ni mtu mzuri, mtaelewana". Mwenye nyumba naye atasema "wewe ingia tu, mwanangu, haya mengine madogo". Wote wawili pengine wanasema kwa moyo safi. Jibu kwa upole ule ule: "Ahsante mzee, najua hatutashindwana, ila tuandike ili na watoto wetu wajue." Andikeni kodi ya mwezi ni kiasi gani, imelipwa ya miezi mingapi na inaishia tarehe ngapi, nani analipa maji na LUKU, choo kikiziba ni kazi ya nani, na notisi ya kuhama ni ya muda gani. Kila upande ulete shahidi wake. Nendeni pamoja ofisi ya serikali ya mtaa mgongewe mhuri, kila mmoja abaki na nakala, ndipo utoe hela.